Chenga Nyeusi, Chenga Nyeupe

Kitura, Jumamosi, 30 Mei 1998

Leo Baba Tadea kaniambia niache kahawa, niende naye ziwani. Niache kahawa! Mibuni imeiva mpaka matawi yanainama, mimi na Tadea tunachuma mpaka vidole vinanata, halafu mwanamume mzima anakuja kusimama katikati ya mistari na kusema Jumamosi ijayo tunakwenda Ngumbo, kuna dishi la Bwana Hamidu la kufunga. Nikamuuliza tangu lini fundi Augustino anakwenda kazini amefuatana na mke. Akasema, "Tangu mwaka huu." Akageuka, akakanyaga kikapu changu, kahawa ikamwagika yote.

Sikumsemesha mpaka wakati wa chakula cha jioni.

31 Mei

Nimejua. Baada ya misa alikaa barazani na redio ya jirani mapajani. Nikamletea uji, nikamnyooshea kikombe. Hakukipokea. Nikabaki nacho hewani, naye anaongea nami vizuri kabisa huku ameelekeza uso mlangoni. Nikasema, "Baba Tadea, uji huu hapa." Mkono ukaja ukatafuta upande ambao sipo.

Jicho la kulia halioni kitu. La kushoto linaona ukungu. Ulianza wakati wa yale mamvua makubwa ya kuanzia Krismasi, akadhani ni moshi wa jikoni, akanyamaza. Nililia, kisha nikamkasirikia kwa kuninyima habari, kisha nikalia tena. Yeye ananiambia nipunguze sauti, majirani watasikia.

Ndilo analoliogopa. Ikijulikana, basi, nani atampa kipofu chombo cha bei apande nacho juu? Kazi ya redio nayo imekufa. Tangu soko lifunguliwe, maduka ya Mbinga yamejaa viredio vya betri ambavyo vikiharibika mtu anatupa, ananunua kingine. Madishi ndiyo kazi iliyobaki, na hili la Ngumbo litakuwa la kwanza pwani yote ile ya ziwa. Likionyesha picha, ataitwa kila mahali. Likikataa, watamwangalia kwa karibu, na wakimwangalia kwa karibu amekwisha. Ndiyo maana ananihitaji. Mimi niwe macho yake, na mtu asijue.

Nimekubali. Kahawa ataisimamia Tadea.

3 Juni

Nasoma. Mimi Winifrida, niliyeacha shule darasa la saba, nasoma satelaiti!

Ameniwekea sufuria mezani kuwa ndiyo ungo. Ungo, au dishi, kazi yake ni kukusanya. Mawimbi yanatoka juu yamechoka, membamba mno, yanaangukia ungo wote, nao kwa umbo lake unayarudisha yote mahali pamoja mbele yake. Hapo pamoja panaitwa kitovu. Kwenye kitovu kinakaa kikopo juu ya miguu mitatu, kinaitwa LNB. Hicho kinayapokea mawimbi, kinayatia nguvu, kinayateremsha kwenye waya mnene mpaka ndani, kwenye risiva. Risiva inayageuza kuwa picha na sauti, inaipa televisheni. "Televisheni yenyewe haijui kitu," akasema, "inaonyesha inachopewa."

Nikamuuliza satelaiti iko wapi. Akasema imesimama angani juu ya Ikweta, upande wa Bahari ya Hindi. Si kwamba imesimama kweli. Inazunguka sawasawa na dunia inavyozunguka, kwa hiyo kwetu inaonekana haisogei. Nikasema uongo. Akacheka, akanieleza tena bila kuchoka. Miaka yote hii nimekuwa naye, sikujua mume wangu ni mwalimu mzuri hivi.

5 Juni

Vipimo. Kipo cha kulia na kushoto, hicho kinapatikana kwa dira. Kipo cha kuinua na kuinamisha, hicho kinapatikana kwa kipimapembe cha shule cha Tadea tulichokifunga uzi wenye nati chini. Mimi nasoma namba kwa sauti, yeye anasogeza. Hatukukosea hata mara moja. Tadea kauliza kipimapembe chake kitarudi lini.

6 Juni

Safari. Lori mpaka Mbamba Bay, kisha boti ya injini. Nimetapika njia nzima.

7 Juni, Ngumbo

Bwana Hamidu ni mtu wa maneno mengi na mkono wazi. Ana duka na nyumba ya wageni, na uani amejenga banda kubwa la mabanzi lenye mabenchi, kwa ajili ya Kombe la Dunia. Amekwisha kuwatangazia watu wa vijiji vyote vya jirani. "Fundi, nimejifunga kwa mdomo wangu mwenyewe," akamwambia Baba Tadea, "usiniaibishe."

Mama yake, Bi Mwanaisha, alikuwa amekaa kizingitini anachambua usipa, wale dagaa wa ziwani. Nikamwamkia, "Shikamoo, bibi." Akaitika, "Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye fundi au ndiye mpishi?" Nikamwambia mpishi, mume wangu ana vidonda vya tumbo hawezi kula ovyo. Uongo tuliokuwa tumeutengeneza kwenye boti.

Ungo ulitutangulia kwa lori na mtumbwi tangu baada ya Pasaka. Mwezi wa nne Baba Tadea aliujaribu Mbinga mjini, akiwa bado anaona kidogo, ukatoa picha safi. Sasa umelazwa kando ya nyumba ukitazama mbingu, wa wavu, mkubwa kuliko kitanda chetu. Unanuka usipa. Lakini Ngumbo kila kitu kinanuka usipa, hata sabuni.

8 Juni

Tumechimba shimo la nguzo. Nguzo lazima isimame wima kabisa, ikiinama hata kidogo vipimo vyote vinadanganya. Timazi nimeshika mimi. Bwana Hamidu akapita, akasema, "Fundi, unamfundisha mkeo kazi?" Baba Tadea akajibu, "Ndiyo, kichwa chake ni chepesi." Nikaona haya, na nikafurahi.

9 Juni

Ungo umepanda. Dira ikaonyesha tuelekee mashariki, kaskazini kidogo, yaani mgongo kwa ziwa. Bwana Hamidu akaja mbio. "Hapana, hapana! Geuzeni!" Huku kwao kila mtu redio yake anaielekeza ziwani, maana stesheni inayosikika vizuri inatoka ng'ambo, Malawi. Tangu utoto wake mawimbi yanatokea ziwani, sasa leo yatokee mlimani? Baba Tadea akamweleza taratibu kwamba yale ni ya mnara, yanatambaa juu ya maji, na haya yanashuka kutoka juu. Bwana Hamidu akasema sawa, lakini akaondoka akitikisa kichwa.

Tukawasha jenereta. Mimi ndani kwenye televisheni, yeye nje kwenye ungo, tunapigiana kelele kupitia dirishani. "Bado!" "Sasa?" "Bado!" Hilo ndilo zuri la kazi hii, mafundi wote wanapigiana kelele. Hakuna anayeshangaa.

Hakuna picha.

10 Juni

Kombe limeanza. Wanaume wamelisikiliza kwenye redio, ndani ya banda la televisheni. Nimeona aibu kuwapitia.

13 Juni

Leo sauti! Kwanza risiva ilikuwa inachemka tu, kama mafuta yanayokaanga. Baba Tadea akiwa nje ameegemea nguzo akasema, "Mama Tadea, ongeza sauti niisikie." Nikaongeza. Akausukuma ungo kidogo sana, mchemko ukalegea. Akausukuma tena, ukazidi kulegea, na chini yake akatoka mtu anaongea lugha nisiyoijua. Masikio gani haya, jamani! Sisi sote tulikuwa tunasikia kelele tupu, yeye anasikia njia. Nikapiga kigelegele, Bi Mwanaisha akanijibu kutoka jikoni bila hata kujua ni cha nini.

Picha lakini ni chenga tupu.

14 Juni

Chenga ni vile vidoti vinavyorukaruka kwenye kioo, kama chenga za mchele zilizomwagwa kwenye nguo nyeusi. Maana yake mawimbi hayatoshi. Ila Baba Tadea amenifundisha kuzisoma. Zikizidi nyeupe, kitasa cha masafa kwenye risiva kimekwenda mno upande mmoja. Zikizidi nyeusi, kimekwenda mno upande wa pili. Zikilingana, risiva iko sawa, na ubaya uko nje.

Nimekaa mbele ya kioo asubuhi nzima nikizungusha kitasa. Nyeusi. Nyeupe. Nyeusi. Mwisho zikalingana. Nikamwita nikamwambia. Akauliza, "Una hakika?" Nikamwambia nina hakika. Akauliza tena. Mara ya tatu nikamjibu vibaya.

16 Juni

Upepo wa mwera umevuma tangu alfajiri, umetuzungushia ungo. Tumeanza upya.

17 Juni

Upya tena. Safari hii tumeufunga kwa kamba kwenye vigingi.

19 Juni

Mawimbi mengine yanakuja yamesimama, mengine yamelala. LNB isipozungushwa kulingana nayo, inayapokea nusunusu. Tumeizungusha polepole, mimi nikisoma chenga. Zimepungua! Sasa naona vivuli vya watu wanakimbia, wanapotea, wanarudi. Wanaume wakaja kuchungulia, mmoja akasema wanacheza kwenye mvua ya mawe. Bwana Hamidu hakucheka.

22 Juni

Amenishtua. Bi Mwanaisha alileta chai, Baba Tadea akaweka kikombe chake nje ya ukingo wa meza, kikaanguka. Ni mara ya tatu. Bwana Hamidu akamtazama muda mrefu, kisha akanitazama mimi. Nikasema haraka, "Mikono inamtetemeka, ndiyo hayo matumbo." Akasema, "Pole, Fundi." Lakini jioni akanikuta kisimani. Akaniambia kwa adabu, sitaki kumsingizia, kwamba robo fainali ni wiki ijayo, kwamba watu wanamzomea dukani, na kwamba ikifika Jumanne ya wiki hiyo hakuna picha atatuma mtu Songea kumwita fundi mwingine. "Na huyo atauliza mwenzake alikosea wapi, Mama Tadea. Nitamwambia nilichokiona."

Kwa hiyo anahisi. Sijamwambia Baba Tadea. Namuonea huruma Bwana Hamidu pia, naye amejifunga kwa mdomo wake.

24 Juni

Chenga.

25 Juni

Chenga.

27 Juni

Leo amekata tamaa. Jua lilikuwa linazama, tumeshinda tangu asubuhi kulia kidogo, kushoto kidogo, juu, chini. Kila tukitoka mahali pale picha inaharibika, tukirudi inarudi na chenga zake zilezile. Akakaa chini kwenye mchanga, akafuta mikono.

"Funga vitu, Mama Tadea. Tunarudi."

Nikamwambia hatujamaliza.

"Mimi ndiye niliyekwisha. Mkono unafikiri umefika, kumbe haujafika. Mtu anayeona angeufikisha."

Nikawaka. Nikamwambia, na nilisema kwa sauti bila kujali nani anasikia, kwamba kila siku ananiuliza kama nina hakika, nami namwambia chenga zinalingana, risiva iko sawa. Namwambia hakuna mahali pengine penye picha bora kuliko pale. Sasa kama kipimo ni sahihi na risiva ni sahihi, kwa nini mkosaji awe yeye? "Hukuniamini mimi, na sasa hujiamini wewe! Basi ulinitoa kwenye kahawa yangu nije kufanya nini?"

Akachota mchanga, akauachia uteremke. Kisha akasema polepole, "Nilikuamini. Ningekuwa sikuamini, ningepuuza jibu lako, nisingekuuliza mara tatu." Sikuelewa, na bado nilikuwa nimekasirika. Nikaondoka kwenda kuoga ziwani.

28 Juni, Jumapili

Haya niyaandike yote.

Asubuhi nilikuwa narudi kutoka kusali, napita njia ya juu, nikauona ungo kwa ubavuni, mbali kidogo. Siku zote nimekuwa karibu nao, nimeubinukia kusoma namba. Kwa mbali na kwa ubavu, ukingo wa huku na ukingo wa kule zilitakiwa zikae mstari mmoja. Nilivyoona mimi, mstari ulikuwa na kiuno. Nikasogea hatua, nikafumba jicho moja. Kiuno kipo.

Nikamkuta Baba Tadea anakunja nyaya. Nikasema, "Ukingo wa ungo unatakiwa unyooke?"

Mikono yake ikasimama. "Umeona nini?"

"Umelegea. Upande wa chini umeingia ndani."

Hakuuliza kama nina hakika. Akasema, "Leta uzi wa kushonea nyavu."

Tukafunga uzi kutoka ukingo mpaka ukingo, tukafunga wa pili kuukata wa kwanza. Ungo ukiwa mzima, nyuzi mbili zinagusana palepale zinapokutana, hazisukumani wala haziachani. Huu wetu uliacha nafasi. Baba Tadea akapeleka kidole chake katikati ya nyuzi, kikapita. Akakirudisha, kikapita tena. Akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi.

"Kitovu kimetawanyika," akasema. "Mawimbi yanafika, hayana pa kukutania! Tungeusukuma ungo huu mpaka Krismasi. Ulikuwa mzima Mbinga, mimi mwenyewe niliupima kwa uzi. Huku sikuupima tena, nikausadiki." Akauvuta wavu karibu na pua, akanusa. Akauliza kwa sauti ya kanisani, "Nani alianika kitu humu?"

Bi Mwanaisha alikuwa nyuma yetu na beseni lake. Akasema, "Mimi. Kwani si chanja?"

Kumbe! Ungo ulipofika baada ya Pasaka, wa wavu, umelazwa chali, umeinuka chini, hewa inapita, bibi akamshukuru Mungu kwamba mwanawe hatimaye amemnunulia chanja ya maana ya kuanikia usipa. Akaanika yeye, wakaanika majirani. Upepo ulipotaka kuubinua, wakapanga mawe kuuzunguka ukingo. "Mawe makubwa?" akauliza Baba Tadea. "Makubwa ndiyo, mwera ni mchezo? Na haijawahi kutokea chanja nzuri kama ile. Usipa unakauka kabla ya adhuhuri. Mlipoisimamisha nililia."

Bwana Hamidu akaja, akasikia, akashika kichwa. "Mama! Dishi langu!" Bibi akamwambia, "Ungesema ni dishi. Ulisema ni ungo. Mimi ungo naujua tangu kabla yako, ni kitu cha kuwekea chakula."

29 Juni

Tumeushusha, tunaunyoosha. Baba Tadea haruhusu nyundo. Amewakalisha akina mama walewale walioanika, kila mmoja ameshika sehemu ya ukingo. Yeye anapitisha viganja juu ya mbavu za chuma, anatafuta, anasimama, anasema, "Hapa, bibi, vuta kwako polepole. Basi!" Sijawahi kumwona anafanya kazi hivi, nyumbani huwa nampita tu na kuni zangu. Viganja vyake vinaona kila kitu. Bi Mwanaisha anavuta kwa bidii kuliko wote.

30 Juni

Nyuzi zinagusana. Jumanne imefika, lakini Bwana Hamidu hakutuma mtu Songea.

1 Julai

Picha.

Nilikuwa ndani. Chenga zikaja, zikapungua, zikawa chache za kuhesabika pembeni, na ghafla zikaisha kama mtu aliyefuta ubao. Mwanamke anasoma habari. Nikaona hereni zake! Nikaona na uzi wa kola yake! Nikakigusa kioo kwa kidole. Baba Tadea nje anauliza, "Sasa? Mama Tadea, sasa?" Nikatoka nikamwambia, "Acha hapohapo. Usiguse." Akakaza nati.

Bwana Hamidu akaingia, akatazama, akatoka, akamshika mkono Baba Tadea kwa mikono yake miwili. Akasema, "Fundi, nisamehe. Nilikudhania vibaya. Nilidhani macho yako hayaoni vizuri."

Mlango ulikuwa wazi wa kutokea. Alitakiwa kusema tu "nimekusamehe", tukarudi kwetu na siri yetu na jina zuri. Nilikuwa namwombea aseme hivyo.

Akasema, "Hukukosea. Sioni. La kulia limekufa, la kushoto linafuata. Vipimo vyote alisoma huyu, chenga alisoma huyu, na aliyegundua ungo umepinda ni huyu, si mimi. Nikikuacha unisifu peke yangu, nitakuwa nimemwibia."

Bwana Hamidu akauachia mkono wake. Bi Mwanaisha ndiye aliyesema, "Kumbe! Na mimi nilidhani unaidharau chai yangu, kila siku unaimwaga." Lakini Bwana Hamidu alikuwa amekwisha kuingia dukani.

Nina hasira naye, Baba Tadea wangu. Na sijawahi kumpenda kama leo.

2 Julai

Bwana Hamidu hajaja kutuona. Watu wanajaa kutazama, wanatoka wanatutazama na sisi. Wamekwisha kusikia. Nimefunga vitu vyetu.

3 Julai

Boti hakuna mpaka Jumatatu. Baba Tadea anasema alifanya sawa, hata kama hii ndiyo kazi yake ya mwisho. Anasema hivyo mara nyingi mno.

4 Julai, Jumamosi

Robo fainali ilianza saa kumi na moja na nusu jioni. Tulikuwa hatuna nia ya kwenda, lakini Bi Mwanaisha akaja mwenyewe na fimbo, akasema waliofunga dishi hawakai nyuma ya jiko. Akawafukuza watu benchi la mbele, akatuketisha. Banda limejaa mpaka mabanzi yanalia. Wengine wametoka Tingi. Bwana Hamidu alikuwa amesimama mlangoni, hakututazama.

Mtangazaji anaongea lugha ambayo hakuna hata mmoja anayeijua. Baba Tadea ameinamisha kichwa, anasikiliza vile anavyosikiliza. Akaninong'oneza, "Chenga zipo?"

"Hakuna hata moja."

"Basi niambie kilichopo."

Nikagundua kwamba wiki zote hizi nimemwambia chenga tu. Nikaanza, kwa sauti ya chini. Nikamwambia timu moja imevaa rangi ya machungwa, nyingine mistari ya bluu na nyeupe. Majani ni ya kijani mpaka yanaumiza. Huyu anakimbia, amempa mwenzake, ameanguka, mwamuzi anakataa. Mimi mpira siujui, nikawa nasema ninachokiona, huyu amekasirika, yule amevuta soksi. Watu wa benchi la nyuma wakasogea. Mtu akasema, "Ongeza sauti, mama." Nikaona haya, nikaongeza. Mpaka kipindi cha pili banda zima limenyamaza linanisikiliza na kutazama kwa pamoja, na wa nyuma kabisa, ambao hawaoni kwa vichwa vya watu, wanauliza, "Sasa iko kwa nani, mama?"

Wamefungana moja kwa moja. Dakika za mwisho kabisa. Mmoja wa machungwa akapiga mpira kutoka nyuma kule, ukaruka uwanja mzima. "Unakuja," nikasema, "unakuja, yuko mwenzake huku, ameudaka kwa mguu, Baba Tadea, kwa mguu angani! Umekaa! Amempita mtu! Amepiga..." Sikumaliza. Banda liliinuka lote. Baba Tadea aliinuka pamoja nao, mikono juu, na alikuwa ameliona goli, naapa alikuwa ameliona.

Kelele zilipopungua, mfanyabiashara mmoja wa Tingi akamwita Bwana Hamidu mbele ya watu wote. Alitaka dishi kama lile dukani kwake. Akamwonyesha Baba Tadea kwa kidevu. "Lakini nimesikia fundi wako ni yule mzee asiyeona. Ni kweli?"

Nikaushika mkono wa Baba Tadea.

Bwana Hamidu akatoka mlangoni, akapita katikati ya mabenchi mpaka akasimama karibu yetu. "Ni kweli," akasema. "Haoni. Na huyu anayeona kwa niaba yake ndiye fundi wangu wa pili. Kwa siku tatu nilikuwa najiuliza nitawaambiaje watu kwamba dishi langu limefungwa na kipofu na mke wake. Sasa nawaambia. Ukiwataka, wachukue wote wawili. Ukimchukua mmoja, hutapata picha."

Yule wa Tingi akatufikiria kidogo. Akauliza, "Jumatano mnaweza?"

Baba Tadea alinigeukia mimi, upande nilipo hasa, akauliza kwa sauti watu wote wasikie, "Fundi, Jumatano tunaweza?"

Nikasema tunaweza.